Tuufanyeje msitu wetu? Njia nne zilizolinganishwa kwa vijiji vya Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Kilolo hadi Rungwe, vijiji vingi vina kipande cha msitu wa asili mgongoni mwa mlima au bondeni penye chanzo cha maji, na swali la kuufanyia nini halikauki mikutanoni. Mmoja anataka wageni waje, wapande mlima, walale kwenye mahema, na vijana wapate kazi ya kuongoza njia. Mwingine anataka msitu ufungwe kabisa ili mto usikauke ifikapo Oktoba. Wa tatu, ambaye mara nyingi ni mama aliyekaa nyuma na hasemi sana, anataka aendelee kuokota kuni. Ukiwauliza, wote watatu watasema wanataka msitu uhifadhiwe. Ndiyo maana kikao huisha kwa makofi na bila uamuzi.

Ulinganisho huu ni kwa kamati na wananchi waliokwama hapo. Njia zenyewe ni nne: msitu wa hifadhi wa kijiji, usimamizi wa pamoja kati ya kijiji na serikali, hifadhi ya mazingira asilia, na hifadhi ya taifa. Zote zipo huku kwetu, kwa hiyo hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano.

Kwanza, ardhi ni ya nani?

Hili lisipojibiwa, mengine yote ni porojo. Kama msitu umo ndani ya mipaka iliyoandikwa kwenye cheti cha ardhi ya kijiji, njia ya kwanza iko mikononi mwenu. Kama ni msitu wa hifadhi wa serikali kuu au wa halmashauri, na misitu mingi ya milimani huku ilitengwa tangu enzi za mkoloni, hamwezi kuutangaza kuwa wa kijiji hata mkipiga kura mara kumi. Hapo mnachoweza ni kuomba njia ya pili, au kutoa hoja kuhusu ya tatu. Ya nne huamuliwa juu kabisa, na Rais kwa ridhaa ya Bunge.

Nendeni kwa afisa misitu wa wilaya na afisa ardhi pamoja, siku moja, chumba kimoja. Wakionwa kila mmoja peke yake, ramani zao zinaweza zisilingane, na nyinyi ndio mtakaobaki katikati.

Vigezo

Nimepima kila njia kwa mambo matano. Mamlaka: nani anatoa kibali, nani anakamata, nani anaweza kubadili uamuzi. Matumizi ya nyumbani: kuni, dawa, uyoga, mizinga, malisho, matambiko. Wageni na burudani. Pori na viumbe, yaani msitu kuachwa ujiendee wenyewe bila mkono wa mtu. Na mwisho fedha, zinazoingia na zinazotoka, pamoja na jasho la doria na la kuzima moto.

Kigezo cha tatu na cha nne huchukuliwa kama kitu kimoja, na hapo wengi hujichanganya. Njia ya wapanda mlima ikipita katikati ya makazi ya minde, swala wa msituni mwenye haya, minde atahama. Kambi yenye muziki na moto wa kuni si rafiki wa kima. Marekani walikutana na mvutano huu zamani. Sheria yao ya mwaka 1960 kuhusu misitu ya taifa ilitaja matumizi matano ya kusimamiwa pamoja: burudani, malisho, mbao, maji, na wanyamapori pamoja na samaki. Miaka minne baadaye wakatunga nyingine, ya kutenga maeneo ya ardhi ya taifa, misitu hiyo ikiwamo, ambako barabara haichongwi wala gari haliingii. Msitu mmoja ukawa na kanda zaidi ya moja. Nasi tunaweza kufanya hivyo katika njia zote nne, hata kwenye msitu ambao mtu huuzunguka kwa miguu asubuhi moja. Kwa hiyo msidhani kuchagua hadhi fulani ni kuchagua jambo moja kwa kila mti.

Njia ya kwanza: msitu wa hifadhi wa kijiji

*Mamlaka.* Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002 ziliwapa wanakijiji haki ya kutenga na kusimamia msitu ulio kwenye ardhi yao. Mkutano mkuu wa kijiji huamua, Kamati ya Maliasili husimamia, na sheria ndogo hupitishwa na halmashauri ya wilaya ili mahakama izitambue. Kabla ya hapo kuna kazi: mpango wa matumizi bora ya ardhi, kukubaliana mipaka na vijiji jirani, kupima, kuhesabu miti, kuandika mpango wa usimamizi. Kazi hii inachosha, na vijiji vingi huishia katikati fedha za mradi zinapokwisha. Iringa Vijijini kuna mifano ya muda mrefu, kama Mfyome na Kiwele, ambako kazi hii ilianza wakati wa mradi wa Matumizi Endelevu ya Misitu Asilia, MEMA, uliosaidiwa na Denmark. Kamati ikipata nauli, ziara ya kule ina thamani kuliko semina tatu za hotelini.

*Matumizi ya nyumbani.* Hapa njia hii haina mpinzani. Ninyi ndio mnaopanga kuni zikavu ziokotwe siku gani, mizinga itundikwe wapi, ng'ombe waingie mwezi gani au wasiingie kabisa. Miti ya matambiko inaweza kuandikwa kwenye mpango kama sehemu isiyoguswa, na wazee wakabaki wenye kauli juu yake.

*Wageni.* Hapa mseme ukweli kati yenu. Mgeni wa kigeni anayefika Iringa yuko njiani kwenda Ruaha. Msitu wa kijiji hauko kwenye ratiba yake, hauna kibao barabarani, na njia ya kufika huko ni ya bodaboda. Wanaoweza kuja ni wanafunzi, walimu wao, vikundi vya kanisa, watafiti, na watu wa mjini wanaotaka kutembea Jumamosi. Hao hawaleti dola, lakini hula chakula kijijini na hulipa muongoza njia.

*Pori na viumbe.* Inategemea ni msitu gani. Miombo inayovunwa kwa kibali hubaki miombo, ndege na nyuki wakaendelea, ila haiwi pori tupu. Msitu mdogo wa mvua kwenye chanzo cha maji unaweza kufungwa kabisa kwa uamuzi wa kijiji chenyewe, na ukalindwa vizuri kuliko wa serikali ulio mbali na ofisi. Udhaifu ni ukubwa. Vipande vidogo vilivyotengana havitoshi wanyama wanaohitaji eneo pana.

*Fedha na ulinzi.* Ada za vibali na faini hubaki kijijini, na hilo ndilo lililowavutia wengi. Ndilo pia lililowagombanisha wengi. Mali bila daftari huisha bila habari, na kamati nyingi zilizoangushwa na mkutano mkuu ziliangushwa kwa kukosa kusoma mapato na matumizi. Doria nayo hufanywa kwa kujitolea. Mwaka wa kwanza watu hutoka kwa hamasa. Miaka ikisonga hubaki wale wenye posho. Msipoweka posho hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo, msitu utabaki na walinzi wa kwenye karatasi.

*Inawafaa:* kijiji chenye ardhi yake, chenye wategemezi wengi wa kuni na mkaa, na chenye mazoea ya kuitana mkutanoni na kuulizana.

Njia ya pili: usimamizi wa pamoja

*Mamlaka.* Msitu hubaki wa serikali, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) au halmashauri. Kijiji husaini mkataba wa kushiriki kuulinda na kunufaika na baadhi ya mazao. Kilolo walianza mapema kwenye msitu wa New Dabaga–Ulongambi. Mkataba ni wa pande mbili kwa maandishi, ingawa upande mmoja una sheria, gari na bunduki, na mwingine una kamati.

*Matumizi ya nyumbani.* Kiasi. Kuni zilizoanguka, dawa, uyoga, asali na maji huruhusiwa kwa kawaida, kulingana na mlichoandika. Mkaa na mbao sahauni kama ni msitu wa lindimaji, yaani unaotunzwa kwa ajili ya maji. Chochote ambacho hakikuandikwa msidhani kimeruhusiwa kwa sababu babu zenu walikifanya.

*Wageni.* Msitu wa serikali unaweza kuvuta wageni bila kupandishwa hadhi. Watu wa Mbeya wamekuwa wakipanda hadi Ziwa Ngozi kwenye safu ya Uporoto kwa miaka mingi likiwa ndani ya msitu wa kawaida wa hifadhi, wakiongozwa na vijana wa vijiji vya njiani. Kilichowavuta ni ziwa lenyewe ndani ya kreta, na simulizi zake. Kwenye mkataba, jambo la kupigania ni kwamba waongozaji watoke kijijini, na ada yao itajwe.

*Pori na viumbe.* Wastani kwenda juu, kwa sababu misitu hii mara nyingi ni mikubwa na iko kwenye miinuko mikali ambako jembe halifiki.

*Fedha na ulinzi.* Hapa ndipo njia hii ilipowavunja watu moyo. Kwa miaka mingi mikataba ilizungumzia mgawanyo wa faida bila kiwango cha wazi kilichokubalika nchi nzima, na msitu wa lindimaji, ambao hauvunwi, hauna faida ya fedha ya kugawana hata kiwango kikiwepo. Vijiji vililinda, vikazima moto, vikakamata misumeno, na faida iliyoonekana ikawa maji tu. Maji si kitu kidogo, lakini yanatiririka hadi kwa wakulima wa mpunga kule chini ambao hawakushika doria hata usiku mmoja. Mnapojadili mkataba, ombeni jambo moja la kushikika kila mwaka: miche, mizinga ya kisasa, sare na buti za walinzi, ada ya wageni. Kitu kinachoweza kuhesabiwa mbele ya mkutano.

*Inawafaa:* kijiji kilichopakana na msitu wa serikali ambao hauwezi kuwa wake, na ambacho kinachohitaji hasa ni ruhusa ya kuingia kihalali na kinga dhidi ya wavunaji wa nje.

Njia ya tatu: hifadhi ya mazingira asilia

Hii ndiyo daraja ya juu ya ulinzi ndani ya sheria ya misitu, na ndiyo inayofahamika kidogo kuliko zote. Watu huichanganya na hifadhi ya taifa, kisha huiogopa au kuitamani kwa sababu zisizoihusu.

*Mamlaka.* TFS, chini ya mhifadhi aliyeko kwenye eneo. Uvunaji wa miti hakuna. Kilichobaki ni utafiti, mafunzo, utalii na ulinzi wa maji. Kilombero ilipata hadhi hii mwaka 2007 na Mlima Rungwe mwaka 2009.

*Pori na viumbe.* Naanza na hiki kwa sababu ndicho kiini chake. Kwenye Mlima Rungwe mwaka 2003 watafiti walimtambua kima ambaye sayansi haikuwa imemwandika, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walimjua na kumwita kipunji. Alitangazwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, yaani kundi la kisayansi lisilo na mwingine, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika tangu 1923. Anaishi mahali pawili tu duniani: Rungwe na Livingstone huku Mbeya na Njombe, na msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa. Waliohesabiwa baada ya ugunduzi huo walikuwa takriban 1,100. Mnyama wa namna hii hawezi kutunzwa na kanda ndogo za vijiji kumi visivyosemezana. Anahitaji miti mikubwa iliyoshikana, na njia ya kupita kutoka msitu mmoja hadi mwingine. Ndiyo sababu eneo la Bujingijila, lililo kati ya Rungwe na Livingstone, limepewa umuhimu mkubwa na wahifadhi. Lakini kipande hicho cha kupita ndicho pia kipande ambacho mkulima wa viazi angekitaka.

*Matumizi ya nyumbani.* Madogo. Baadhi ya vijiji hupata ruhusa ya mizinga pembezoni na ya maji. Kuni ni suala la makubaliano na mhifadhi, na mhifadhi akihamishwa makubaliano yanaweza kuhama naye. Yaandikeni.

*Wageni.* Kwa anayependa miguu, hapa pazuri. Rungwe ina urefu wa karibu meta 2,960, unapanda na kushuka kwa siku moja kama magoti yanaruhusu, na Tukuyu iko karibu kwa chakula na kitanda. Mgeni huyo huyo anaweza kesho yake kwenda Ngozi na Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira. Hakuna simba, hakuna magari ya kufukuzana na tembo. Mvua ni nyingi mno upande wa kusini mashariki, na msimu wa kupanda bila matope ni mfupi: Juni hadi Oktoba, zaidi kidogo kama una bahati. Kumwona kipunji si ahadi ya kumpa mteja.

*Fedha na ulinzi.* Doria hulipwa na serikali, jambo linalowapunguzia wanakijiji mzigo. Ada ya kiingilio huenda TFS. Kinachobaki kijijini ni malipo ya waongozaji, wapagazi, mama lishe na nyumba za wageni, pamoja na miradi ya nyuki na miche pale ambapo TFS au mashirika ya uhifadhi wanaileta.

*Inawafaa:* msitu wenye viumbe wasiopatikana pengine, ulio tayari chini ya serikali, wenye mlima au maporomoko ya kuvutia mtembeaji, na wenye vijiji ambavyo kuni zake zinatoka kwingine.

Njia ya nne: hifadhi ya taifa

*Mamlaka.* TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa. Hakuna makazi, hakuna mifugo, hakuna kilimo. Mtu akiingia bila kibali amevunja sheria hata kama alikuwa anafuata ndama wake.

Ugumu wa kurudi nyuma ndio jambo la kulitazama kwa macho mawili. Mpaka wa Hifadhi ya Taifa Ruaha ulipanuliwa kwa Tangazo la Serikali Na. 28 la mwaka 2008 kuelekea Usangu, na mpaka ule ukaangukia kwenye vijiji na mashamba ya mpunga ya Mbarali. Mgogoro huo umezungumzwa vijijini na bungeni kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na mwaka 2023 likatoka tangazo jingine, Na. 754, la kurekebisha mpaka. Mtu wa Mbarali ukimtajia "GN 28" hahitaji maelezo zaidi. Sisemi haya kuikataa hifadhi ya taifa. Bonde la Ihefu, eneo oevu la Usangu, linahitaji ulinzi, na Mto Ruaha Mkuu uliokuwa ukitiririka mwaka mzima ulianza kukauka kila kiangazi tangu 1993. Nasema mstari kwenye ramani ukishachapishwa, kuusogeza hata kidogo ni kazi ya kizazi.

Kwa ardhi ya kijiji kuna kinga moja ya kuijua. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, eneo lisilozidi hekta 250 likitakiwa kuhamishwa, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri baada ya kuzingatia mapendekezo yenu. Kwa hiyo andikeni mapendekezo, yawe na mihuri na mihtasari, msiache kuwa maneno ya mdomoni.

*Matumizi ya nyumbani.* Hayapo, au yapo kwa hisani. Udzungwa, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1992, wanawake wa vijiji vya pembeni waliruhusiwa kwa miaka mingi kuingia siku maalumu kuokota kuni. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Waliokuwa wamepanda miti mashambani walivumilia, na wengine wakabaki wakinunua.

*Wageni.* Jina la hifadhi ya taifa lina nguvu. Linaingia kwenye vitabu vya wageni, kwenye safari za shule, kwenye vipindi vya televisheni. Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ni hifadhi ya kwanza katika ukanda wa tropiki wa Afrika kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea: aina zipatazo 350, zikiwemo okidi 45, kwenye uwanda ulio zaidi ya meta 2,600 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Maua huchanua kati ya Desemba na Aprili, yaani wakati uleule ambao barabara ya Chimala kwenda Matamba, yenye kona zake hamsini na saba, inamtaka dereva asiye na haraka. Ukimpeleka huko mgeni anayetafuta simba atarudi amenuna. Ukimpeleka mpenda ndege au maua, atakuomba muongeze siku.

Wageni hao wanashukia wapi? Kwenye lango. Udzungwa ina maporomoko ya Sanje yenye kimo cha karibu meta 170, na hakuna barabara ya magari ndani. Kila kitu ni kwa miguu. Lakini lango kuu liko Mang'ula, upande wa Morogoro. Kijiji cha wilayani Kilolo kinachopakana na hifadhi hiyohiyo kwa nyuma kinapata nyani shambani bila kupata watalii. Kabla ya kushangilia tangazo lolote, ulizeni lango litajengwa wapi.

*Pori na viumbe.* Ulinzi mkubwa kuliko yote. Kitulo ni ushahidi. Kabla ya kulindwa, viazi vya okidi vilichimbwa kwa mamilioni kila mwaka na kusafirishwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko. Kamati ya kijiji isingeweza kusimama mbele ya biashara hiyo peke yake.

*Fedha na ulinzi.* Askari, magari na mishahara ni vya serikali. Idara ya Ujirani Mwema hujenga madarasa, zahanati na visima kwenye vijiji vya pembeni, na miradi hiyo inaonekana kwa macho. Kinachosumbua ni hasara ya mmojammoja. Darasa ni la wote, lakini mahindi yaliyoliwa na wanyama ni ya mtu mmoja, na kifuta jasho cha serikali hakikukusudiwa kuwa fidia kamili.

*Inawafaa:* eneo kubwa, la pekee kitaifa, lisilo na makazi ndani, ambalo tishio lake ni zito kuliko uwezo wa wilaya.

Na paina?

Kuna uamuzi wa tano ambao hauji mkutanoni lakini wengi wameshaufanya kimyakimya: kufyeka na kupanda paina. Mufindi ina Shamba la Miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote ya serikali nchini, na kila anayeona malori ya mbao Mafinga anapiga hesabu. Shamba la paina ni mali halali na nzuri, kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa. Halichukui nafasi ya msitu wa asili, kwa maji wala kwa viumbe, na milingoti, yaani mikaratusi, ikae mbali kabisa na chemchemi. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya meta 60 kutoka chanzo cha maji. Lakini tazameni upande wa pili: kaya yenye nusu ekari ya miti ya kuni haina sababu ya kuingia msituni usiku. Katika njia ya tatu na ya nne, kitalu cha miche kinatakiwa kutangulia kibao cha hifadhi kwa miaka kadhaa.

Kwa hali yenu

Kama msitu ni wenu, ni wa miombo, na robo tatu ya kaya zinapika kwa kuni zake, anzeni na msitu wa kijiji. Kuwafungia watu hao bila mbadala ni kuwageuza wezi wa mali yao. Usiache mbachao kwa msala upitao: kuni za leo zina hakika kuliko mtalii ambaye bado hajakata tiketi.

Kama ni wenu lakini ni mdogo na una chemchemi inayonywesha vijiji vitatu, bado njia ya kwanza inafaa, ila kwa sharti la kufunga kabisa sehemu ya juu na kuviita vile vijiji viwili vingine vichangie doria. Wanaokunywa nao wachangie.

Kama ni wa serikali na mnachotaka ni amani na askari, ombeni usimamizi wa pamoja, na msisaini mkataba usiotaja manufaa ya kila mwaka wala muda wa kuupitia upya.

Kama mna kijana mmoja mwenye ndoto ya utalii na msitu una mlima, ziwa au maporomoko, mwacheni ajaribu kabla ya kubadili hadhi yoyote. Njia moja iliyosafishwa, kibao barabarani, bei iliyoandikwa, choo safi. Wakija, mtajua. Wasipokuja kwa misimu miwili mitatu, hadhi mpya haitawaleta.

Kama mna kipunji, minde au mmea ambao wataalamu wanasafiri kuja kuuona, hifadhi ya mazingira asilia itamfaa kiumbe huyo kuliko ninyi, kwa miaka ya mwanzo angalau. Kubalini kwa masharti: waongozaji wa kijiji, ruhusa ya mizinga, vitalu vya kuni, na mlango wa kuingilia uwe upande wenu.

Kama kuna mazungumzo ya hifadhi ya taifa, gharama kubwa mnayoweza kuiepuka ni ya mpaka. Kabla ya mkutano wa kupitisha lolote, wazee, wafugaji na wanawake waokotao kuni watembee mpaka wote pamoja na wapimaji, bikoni kwa bikoni, na majina ya mabonde na vilima yaandikwe kama yanavyoitwa hapo. Muhtasari usomwe kwa sauti, usainiwe, na nakala moja ibaki kwa mtendaji, nyingine kwa mwenyekiti, na ya tatu kwa mtu asiye kiongozi.